Dhana ya "Mtandao" na Usalama wa Pochi ya Sarafu za Kidijitali: Mfano wa Sumbawanga na Uwanda wa Ufipa

Ikisiri

Makala haya yanaeleza jinsi mtumiaji anavyoweza kuongeza mnyororo mpya wa bloku katika pochi yake ya sarafu za kidijitali bila kuhatarisha mali yake. Mazingira yanayorejelewa ni ya mji wa Sumbawanga na uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa. Hoja kuu ni kwamba hatari iliyopo haitokani na ugumu wa hesabu za kompyuta peke yake, bali pia na neno "mtandao", ambalo limebebeshwa dhana ambazo hapana budi zitenganishwe. Makala yanachanganua dhana hizo, yanafafanua kinachotendeka pochi inapoongezwa "mtandao", yanapendekeza utaratibu wa usalama, na mwishowe yanatoa mapendekezo ya istilahi.

1.0 Utangulizi

Mji wa Sumbawanga, ambao ndio makao makuu ya Mkoa wa Rukwa, umo katika uwanda wa juu wa Ufipa, kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Uwanda huo ni maarufu kwa kilimo cha mahindi, maharage, ulezi na ngano. Biashara ya mazao hayo, ambayo hapo zamani ilitegemea fedha taslimu, leo hutegemea pia simu ya mkononi. Tangu huduma ya M-Pesa ilipoanzishwa nchini Tanzania mwaka 2008, na nyingine za aina yake zilipofuata, kibanda cha wakala kimekuwa sehemu ya kawaida ya soko.

Sambamba na manufaa hayo umezuka utapeli. Taarifa za robo mwaka za Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) za mwaka 2024 ziliutaja Mkoa wa Rukwa, pamoja na Morogoro, miongoni mwa mikoa iliyoongoza kwa majaribio ya utapeli kwa njia ya simu. Takwimu za namna hiyo huhesabu laini zilizotumika. Hazihukumu tabia za wakaazi, ambao nao ni wahanga wa utapeli huo kama Watanzania wengine. Hata hivyo, zinatosha kuonyesha kwamba mjadala wa usalama wa fedha za kielektroniki katika uwanda huu si wa kinadharia tu.

Katika mazingira hayo zimeingia sarafu za kidijitali. Msimamo wa dola kuhusu sarafu hizo umebadilika hatua kwa hatua. Mwezi Novemba 2019 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo kwa umma ikikumbusha kuwa sarafu hizo si fedha halali nchini. Mwezi Juni 2021 Rais Samia Suluhu Hassan aliitaka Benki hiyo ianze kujiandaa kwa mabadiliko yanayoletwa na teknolojia hiyo. Kisha Sheria ya Fedha ya mwaka 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 katika malipo yatokanayo na uhamishaji wa mali za kidijitali. Kutozwa kodi hakuzifanyi sarafu hizo kuwa fedha halali; lakini kunadhihirisha kwamba matumizi yake yapo na yanatambuliwa.

Mtumiaji wa pochi ya sarafu hizi hukutana mapema na agizo linalotafsiriwa kwa kawaida kama "ongeza mtandao". Swali linalojibiwa hapa ni hili: je, mtu anayeambiwa maneno hayo kwa Kiswahili anaelewa nini, na uelewa huo unamlinda au unamponza?

2.0 Maana za Neno "Mtandao"

Nomino "mtandao" imetokana na kitenzi "tanda", chenye maana ya kuenea au kufunika mahali. Katika matumizi ya kila siku mjini Sumbawanga, kama ilivyo kwingineko nchini, neno hili lina maana zifuatazo:

(a) Kampuni ya simu. Anayeuliza "Unatumia mtandao gani?" anatarajia kujibiwa Vodacom, Airtel, Halotel au Yas, ambayo hadi Novemba 2024 ilijulikana kwa jina la Tigo.

(b) Mawimbi ya mawasiliano. Asemaye "mtandao hakuna" ana maana kwamba simu haishiki mawimbi au huduma imekatika.

(c) Intaneti. Hii ndiyo maana iliyomo katika usemi "nimeisoma mtandaoni".

(d) Kundi la watu wenye uhusiano, kwa wema au kwa uovu, kama vile mtandao wa wakulima au mtandao wa matapeli.

Sarafu za kidijitali zimeleta maana ya tano: mnyororo wa bloku, yaani daftari la miamala ambalo nakala zake hutunzwa na kompyuta nyingi zisizo chini ya mmiliki mmoja, na ambalo kila ukurasa wake umefungamanishwa na ule uliotangulia kwa hesabu zinazofichua badiliko lolote.

Tatizo ni kwamba msikilizaji huielewa maana ya tano kwa kuipitishia maana ya kwanza. Maana ya kwanza ina mambo matatu yanayoambatana nayo. Kwanza, mtandao una mwenyewe: kampuni yenye leseni, ofisi na namba ya huduma kwa wateja. Pili, mitandao huzungumza yenyewe kwa yenyewe. Mwaka 2014 kampuni za Airtel, Tigo na Zantel zilikubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja, na Vodacom ikajiunga mwaka 2016. Tatu, muamala uliokosewa waweza kuripotiwa, na pengine fedha zikazuiwa kabla hazijatolewa.

Hakuna hata moja kati ya mambo hayo linalopatikana kwa hakika katika mnyororo wa bloku. Mtu yeyote mwenye ujuzi anaweza kuanzisha mnyororo wake na kuupa jina alitakalo. Minyororo haizungumzi yenyewe kwa yenyewe. Kuhamisha thamani kutoka mmoja hadi mwingine huhitaji programu ya kati iitwayo daraja, na madaraja yamewahi kuvunjwa na wezi, kama lile la Ronin lililoibiwa mwezi Machi 2022 mali yenye thamani ya zaidi ya dola za Marekani milioni 600. Tena, muamala ukishathibitishwa katika daftari, hakuna ofisi ya kuuomba urudishwe.

3.0 Kinachoongezwa Hasa

Utaratibu unaoelezwa hapa unahusu minyororo inayofuata kanuni za Ethereum, na pochi za aina ya MetaMask, ambayo ilianza kutumika mwaka 2016. Minyororo yenye kanuni tofauti, kama vile Bitcoin na Tron, haiongezwi kwa njia hii.

Kwanza ifahamike kuwa pochi haina fedha ndani yake. Pochi hutunza ufunguo wa siri, ambao ndio unaotia saini kwenye miamala. Sarafu zenyewe ni maandishi katika daftari. Ufunguo mmoja huzaa anwani moja inayotumika katika minyororo yote ya familia hii. Anwani hiyo huanza na 0x, ikifuatiwa na herufi na tarakimu 40. Kwa hiyo anwani inaweza kuwa ileile katika minyororo kumi, ilhali salio ni tofauti katika kila mmoja. Mtu aliyetumiwa sarafu katika mnyororo wa Polygon hataiona akiwa amefungua Ethereum, ingawa anwani ni moja. Hapo ndipo haja ya kuongeza mnyororo huzaliwa.

Pochi inapoelekezwa kwenye mnyororo mpya hudai mambo matano:

(a) Jina la mnyororo. Hili ni la kumsaidia msomaji tu. Halina uthibitisho wowote, na tapeli aweza kuliandika apendavyo.

(b) Anwani ya RPC. Hii ni anwani ya kompyuta ambayo pochi itaiuliza habari za daftari na kuikabidhi miamala iliyotiwa saini.

(c) Namba ya mnyororo. Ethereum ni 1, BNB Smart Chain ni 56, Polygon ni 137, Celo ni 42220. Namba hii ina historia. Mwezi Julai 2016 Ethereum iligawanyika, ukazaliwa mnyororo wa pili uitwao Ethereum Classic. Kwa kuwa yote miwili ilikuwa na kanuni moja, muamala uliotiwa saini kwa ajili ya mmoja uliweza kurudiwa katika mwingine bila idhini ya mwenyewe. Pendekezo namba 155, lililoanza kutumika mwezi Novemba mwaka huohuo, liliiingiza namba ya mnyororo ndani ya saini, hata saini ya mnyororo mmoja isikubalike katika mwingine.

(d) Alama ya sarafu inayotumika kulipia ada za miamala.

(e) Anwani ya tovuti ya uchunguzi, ambako mtu yeyote anaweza kuusoma mnyororo bila kuwa na pochi, kama vile Etherscan kwa mnyororo wa Ethereum.

Katika orodha hii, jambo lenye uzito kuliko yote ni la pili. Mtumiaji hudhani kwamba ameongeza mnyororo, ilhali kwa hakika amechagua msemaji wa mnyororo. Kompyuta yenye anwani ile ndiyo itakayomweleza kila kitu kuhusu mali yake.

4.0 Salio Linaloweza Kusema Uongo

Utapeli wa kawaida wa simu huanza kwa meseji. Mtu hupokea ujumbe usemao kwamba fedha zimeingia katika akaunti yake. Kisha hupigiwa na mtu akidai kuwa amekosea, na kuomba arudishiwe. Dhidi ya hila hiyo mawakala wana kanuni iliyo fupi: usiamini meseji, tazama salio. Wakala hufungua menyu ya huduma, kwa mfano *150*00# kwa M-Pesa, akajionea mwenyewe. Kanuni hii ni sahihi kwa sababu anayejibu swali la salio ni kampuni yenyewe, na aliyetuma meseji hana mkono katika jibu hilo.

Je, kanuni hii yaweza kuhamishiwa katika pochi ya sarafu za kidijitali? Chukuliwe mfano wa kubuni wa mfanyabiashara wa maharage mjini Sumbawanga. Mnunuzi aliye mbali anamwambia kuwa atamlipa kwa USDT, sarafu iliyofungamanishwa na dola ya Marekani. Anamtumia kwa WhatsApp anwani ya RPC na kumwambia: "Mzee, ongeza mtandao huu kwanza, ndipo utaiona hela." Mfanyabiashara anafanya hivyo. Akifungua pochi anaona salio la dola 4,000. Hakuamini meseji, ametazama salio, kama kanuni inavyomtaka. Anaruhusu gari liondoke na mzigo. Siku anayotaka kuibadilisha sarafu hiyo iwe shilingi, anagundua kwamba haipo.

Ingawa mfanyabiashara huyu ni wa kubuni, hila yenyewe ni ya kweli. Mwaka 2024 kampuni ya usalama ya SlowMist ilieleza utapeli ambamo watu walishawishiwa kubadilisha anwani ya RPC katika pochi zao ili wawekewe ya tapeli. Kompyuta ya tapeli ilinakili hali ya mnyororo wa kweli, kisha ikageuza tarakimu za salio. Pochi haikuwa na kasoro, na ufunguo haukuibiwa. Aliyesema uongo ni msemaji.

Ni muhimu kupima hatari hii kwa kiasi chake, bila kuipunguza wala kuikuza. Msemaji mwongo hawezi kuchukua ufunguo wa siri, kwa kuwa saini hutiwa ndani ya simu au kompyuta ya mwenyewe. Hawezi pia kubuni muamala wa kutoa mali pasipo saini. Anachoweza ni kuonyesha salio la uongo, kuuzuia muamala usifike kwenye mnyororo, na kujua ni anwani gani za sarafu zinazoulizwa kutoka katika simu fulani. Kwa mwenye mali inayouzwa kwa mkopo wa imani, uongo wa salio peke yake unatosha kumfilisi.

Kuna hila ya pili iliyo nyepesi zaidi. Ipo minyororo ya majaribio iliyoundwa kwa ajili ya mafundi wa programu, kama Sepolia yenye namba 11155111. Sarafu zake hazikukusudiwa kuwa na thamani, lakini katika pochi zaweza kuonekana kama tarakimu nyingine zozote. Asiyefahamu tofauti hiyo anaweza kulipwa kwa sarafu za majaribio akadhani amepokea mali.

5.0 Utaratibu wa Usalama

Kutokana na uchambuzi huo, kanuni ya wakala haipaswi kutupwa, bali kukamilishwa: usiamini meseji, tazama salio; na katika pochi, usitazame salio kupitia msemaji uliyepewa na anayekudai imani. Kanuni hiyo inazaa hatua zifuatazo:

(i) Mtumiaji aangalie kwanza kama mnyororo anaouhitaji umekwishawekwa na watengenezaji wa pochi. Pochi nyingi huja na minyororo mashuhuri tayari, na palipo na mnyororo tayari hapana sababu ya kupokea anwani kutoka kwa mtu.

(ii) Iwapo haumo, habari zake zote tano zichukuliwe katika maelezo rasmi ya mnyororo wenyewe, kwa kuandika anwani ya tovuti kwa mkono. Zisichukuliwe katika ujumbe, tangazo la biashara, au kwa mtu aliyejitolea kusaidia.

(iii) Habari hizo zilinganishwe na chanzo cha pili kisichohusiana na cha kwanza, kama vile orodha ya Chainlist. Izingatiwe kuwa orodha hiyo hulinganisha namba na anwani tu. Kuwamo kwa mnyororo humo si ushahidi wa uaminifu wake.

(iv) Pochi ikitoa onyo kwamba namba, jina au alama ya sarafu haikubaliani na kumbukumbu zake, kazi isimamishwe. Lakini kukosekana kwa onyo kusichukuliwe kuwa ni thibitisho, maana msemaji mwongo aweza kuitaja namba ya mnyororo wa kweli.

(v) Malipo yahakikishwe nje ya pochi. Mpokeaji afungue tovuti ya uchunguzi anayoifahamu, aandike anwani yake mwenyewe ya sarafu, na kuangalia kama muamala umo. Asifungue kiungo alichotumiwa na mlipaji, wala asitegemee tovuti ya uchunguzi iliyoandikwa katika habari zilezile alizopewa, kwa sababu hiyo nayo huenda ikawa ya tapeli.

(vi) Kiasi kidogo kitangulie. Mpokeaji akipokee, kisha akitume kwingine au akibadilishe kuwa shilingi. Hata hivyo, jaribio hili lina mpaka: katika utapeli uliotajwa hapo juu, matapeli walituma kwanza kiasi kidogo cha kweli ili wajenge imani. Kwa hiyo hatua ya tano irudiwe kwa kila malipo.

(vii) Maneno ya urejeshaji, ambayo aghalabu huwa 12 au 24, yasiandikwe mahali popote wakati wa kuongeza mnyororo. Kazi hiyo haiyahitaji kamwe. Anayeyadai anadai ufunguo wenyewe. Kadhalika, ombi la kutoa idhini ya kutumia sarafu, linalojitokeza mara baada ya mnyororo kuongezwa, ni jambo jingine kabisa, na likataliwe mpaka lieleweke.

(viii) Mnyororo usiotumika tena uondolewe katika pochi. Kuuondoa hakufuti mali, kwa sababu mali imo katika daftari.

Anayepokea jaribio la utapeli kwa simu aweza kuiripoti namba ya tapeli kwa TCRA kupitia namba 15040. Hatua hiyo husaidia laini ifungiwe. Haiwezi kuirudisha sarafu iliyokwisha kuhama.

6.0 Mapendekezo ya Istilahi

Mafunzo ya usalama hayawezi kuwa bora kuliko maneno yanayoyabeba. Inapendekezwa kwamba neno "mtandao" liachiwe maana zake zilizokwishazoeleka, na dhana mpya zigawiwe majina yake: "mnyororo" kwa daftari lenyewe, "kituo" kwa kompyuta inayotunza nakala ya daftari na kujibu maswali, "anwani ya kituo" kwa anwani ya RPC, "namba ya mnyororo" kwa tarakimu zinazoingizwa katika saini, na "tovuti ya uchunguzi" kwa mahali pa kulisoma daftari hadharani. Badala ya "ongeza mtandao", maelekezo yaseme "elekeza pochi kwenye mnyororo kupitia kituo". Usemi huo ni mrefu zaidi, lakini unamlazimisha msikilizaji aulize swali linalofaa: kituo hiki ni cha nani?

Yamkini itapingwa kwamba umma umekwishazoea "mtandao" na hautakubali mabadiliko. Pingamizi hilo lina uzito, kwani istilahi nyingi zilizoundwa mezani zimeshindwa na zile zilizozaliwa sokoni. Lakini "mnyororo" na "kituo" si maneno mageni. Ni ya kila siku, na hayahitaji kufundishwa upya. Kinachohitajika ni wafasiri wa programu na waandishi wa miongozo kuyatumia kwa uthabiti.

Upungufu wa Kiswahili katika eneo hili unadhihirika pia katika maneno ya urejeshaji. Kanuni ya BIP-39 ya mwaka 2013 hutumia orodha ya maneno 2,048. Zipo orodha za Kiingereza, Kijapani, Kikorea, Kihispania, Kichina, Kifaransa, Kiitaliano, Kicheki na Kireno. Ya Kiswahili haimo miongoni mwake. Hivyo mkulima wa Ufipa asiyejua Kiingereza hana budi kunakili, bila kosa hata moja la tahajia, maneno asiyoyaelewa, ambayo ndiyo hati pekee ya mali yake. Kuandaa orodha ya Kiswahili, yenye maneno mafupi ambayo herufi zake nne za mwanzo hazifanani na za neno jingine, ni kazi ambayo wanaleksikografia wana ujuzi wote unaohitajika kuifanya.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kuwa kuongeza mnyororo katika pochi si sawa na kubadilisha kampuni ya simu. Ni kumchagua msemaji atakayeaminiwa kuhusu mali, na msemaji huyo aweza kuwa mkweli au mwongo. Kanuni ya mawakala wa Sumbawanga, iliyotokana na tajiriba ya miaka mingi ya kukabiliana na utapeli, ina msingi imara: ushahidi wa malipo usitoke kwa mlipaji. Teknolojia mpya haijaibatilisha kanuni hiyo. Imehamisha tu mahali ambapo mlipaji anaweza kujificha, kutoka kwenye meseji hadi kwenye salio. Kazi ya wataalamu wa lugha ni kulipa jina mahali hapo, ili anayeambiwa aongeze chochote katika pochi yake ajue ni nani anayemkaribisha.